Pombe Iliyolala kwa Truphosa

Ndegwa hakuwa muuza pombe, na aliyemwita hivyo mbele yake alirudi kwao bila kuonjeshwa. Alikuwa mkulima wa viazi kule juu Molo, ambako ukungu huingia jikoni kama mgeni asiyepiga hodi, na muratina ilitoka mikononi mwake kwa sababu moja tu: mahali fulani kulikuwa na watu wanaopeleka mahari. Wenye shughuli ya namna hiyo walimtafuta kutoka Elburgon, kutoka Njoro, na mara nyingine kutoka chini kabisa Longonot. Walimletea asali, naye alikuwa na yale matunda makavu yanayoipa pombe hiyo jina lake, mepesi, yenye nyuzinyuzi kama sponji kuukuu. Alirithi matunda hayo kwa babake. Baada ya kila kazi aliyasuuza, akayaanika juani, akayafungia ndani ya gunia safi. Chachu ilibaki imelala humo kwenye nyuzi, ikingoja maji na asali.

Alikuwa mtu wa usafi hadi kuudhi. Maji yalichemshwa, yakafunikwa, yakaachwa yapoe. Kila chombo kilimwagiwa maji moto. Mikono ilioshwa hadi viwikoni, na mtu mwenye kikohozi hakuruhusiwa kupita karibu na kibuyu. Mkewe, Wangare, alisema watoto wao wote hawakuwahi kuogeshwa namna ile. Ndegwa alicheka, lakini hakupunguza. Alikuwa amesikia, kama kila mtu, habari za pombe zinazotiwa spiriti na madawa, za watu walioamka asubuhi wakauliza mbona taa zimezimwa.

"Yangu haijawahi kumpofusha mtu," alipenda kusema, akiinua kibuyu kwa mikono miwili.

Ilikuwa kweli, wakati huo.

Mambo yalianza Shiru, binti wa kaka yake Mburu, alipomleta nyumbani kijana aliyeitwa Khisa, fundi wa magari mjini Nakuru. Walikaa jikoni kwa sababu ya baridi. Khisa alikuwa Mbukusu, mrefu, mpole, na alishika kikombe cha chai kana kwamba mtu angekuja kumnyang'anya.

"Baba Mdogo," Shiru alisema, "siku ya mahari watu wa Khisa ndio watakuja na pombe. Na hawajui muratina. Wakinunua mjini watauziwa maji ya sukari."

"Kwa hivyo unataka mimi nitengeneze pombe ya kuja kutuposa sisi wenyewe."

"Eeh."

"Halafu nikae pale na wazee nikiinywa kama sijui imetoka wapi."

"Utajifanya vizuri kuwashinda wote," Wangare alisema bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "Hiyo kazi umeifanya miaka yote."

Khisa alikohoa kidogo. "Mzee, kwetu tungeleta busaa, lakini nimeambiwa hiyo nibaki nayo."

"Busaa ni uji," Ndegwa alisema. "Uji uliokasirika."

Wote wakacheka, hata Khisa, na kwa kicheko kile Ndegwa akakubali. Lakini akaweka sharti. Pombe ya mahari hutoka kwa upande wa mwanamume. Kama ingetoka kwenye stoo yake ikavuka shamba ikaingia kwa Mburu, ingekuwa ni yeye anajiletea mahari. Kwa hiyo ingeshuka Nakuru, ilale kwa mama yake Khisa, na siku ya siku ipande tena Molo pamoja na wageni.

"Ikilala kwenu, ni ya kwenu," alisema.

Khisa alimtazama Shiru. "Mama ni mtu wa kanisa, Mzee. Haijawahi kuingia pombe kwake. Hata ya kupaka kidonda."

"Hatakunywa. Ataiweka tu. Iende siku mbili tatu mapema, isiletwe mbiombio kama kitu cha kuokota."

Angeweza kusema waichukue asubuhi ileile wakipita. Barabara ilikuwa moja. Baadaye alilirudia hilo moyoni mara nyingi, akilipindua kama mtu anayetafuta upande wa kisu usiokata.

Shiru ndiye aliyeleta chupa. Alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi mjini, na alitaka siku yake iwe na sura. Zilikuwa chupa za juisi, za kioo cheupe, nyembamba, ndefu, zenye vifuniko vya kukaza. Juu ya kila moja alikuwa amebandika karatasi ya rangi ya asali yenye maandishi ya kahawia: Muratina ya Ndegwa. Ndegwa alishika moja akaielekeza dirishani. Maisha yake yote pombe ilikuwa ikikaa kwenye kibuyu, na mdomo wa kibuyu hufunikwa kwa kitambaa tu, ukapumua. Hakuwahi kufunga muratina kwenye kitu kisichopumua. Lakini pia hakuwahi kuona jina lake limechapishwa.

"Inakaa vizuri, ama?" Shiru aliuliza.

"Inakaa vizuri," alisema, akipitisha kidole juu ya maandishi.

Kwa kuwa wageni wangekuwa wengi, vibuyu havikutosha, akatumia pipa la plastiki. Vibuyu alikuwa akiviweka jikoni kando ya moto. Pipa halikuingia pale, likaenda stoo pamoja na mbegu za viazi. Pombe ikaanza kuchemka vizuri. Alisikia sauti yake alipoinama, ile sauti ya mvua ndogo kwenye majani. Kisha ikaja wiki ya baridi kali, umande ukawa mweupe kwenye nyasi asubuhi, na stoo ikawa kama kisima. Sauti ikanyamaza.

Alitia sikio kwenye pipa. Kimya. Hakukuwa na povu juu. Alichota kwa kikombe, akaonja.

Ilikuwa tamu.

Si utamu ule wa mbali, unaobaki nyuma ya ukali kama harufu ya mtu aliyetoka chumbani. Ilikuwa tamu kwenye ncha ya ulimi, ya asali yenyewe. Babake alimfundisha kwamba pombe iliyoiva huwa imemaliza asali yake. Ukikuta asali bado ipo, kazi bado ipo. Ndegwa alijua hilo kama anavyojua njia ya kisimani. Alisimama kwenye stoo na kikombe mkononi, pumzi yake ikitoa moshi, na akasikia Shiru nje akimwuliza Wangare chupa zioshewe wapi.

Akajiambia: wageni wanapenda tamu. Akajiambia: imenyamaza, si imekwisha? Akajiambia kwamba watu wa Nakuru hawatajua tofauti. Kisha akanawa mikono hadi viwikoni, akachemsha maji, akazisafisha zile chupa moja moja kwa uangalifu ambao angeuonyesha mtu yeyote kwa fahari, akazijaza hadi shingoni, na akavikaza vifuniko kwa nguvu zake zote. Vilikazwa na mikono inayong'oa viazi.

Shiru alizipanga kwenye kreti. Chupa chache hazikuingia, zikabaki stoo.

Truphosa, mama yake Khisa, aliishi Kaptembwa, mtaa wa Nakuru, kwenye nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Babake alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa na kuzeekea mjini, akikaanga mandazi asubuhi na kuongoza nyimbo za akina mama kanisani Jumapili. Mumewe alikuwa amekufa. Chini huko jua la miezi ile lilikuwa jua la kweli. Mabati yalitoa mlio yakipanuka. Aliipokea ile kreti kwa ajili ya mwanawe, akaiweka pembeni mwa jiko, na kwa kuwa pasta wake alikuwa na mazoea ya kupita kusalimia, akaifunika blanketi.

Ndegwa alipata habari akiwa shambani. Simu ilikuwa ya Khisa, na mwanzoni hakuelewa, kwa sababu kijana alikuwa anasema polepole sana.

"Mzee, zile chupa zimelipuka. Mama ameumia."

"Zimefanya nini?"

"Zimelipuka. Moja, halafu zote. Alikuwa ameinama. Kioo kimeingia kwenye jicho."

Ndegwa alikaa chini kwenye tuta la viazi. Alitaka kuuliza ni jicho gani, kana kwamba kulikuwa na jibu ambalo lingekuwa nafuu.

Jicho halikuokolewa. Shughuli ya mahari ikaahirishwa. Na kabla hata Truphosa hajatoka hospitali, maneno yalikuwa yamepanda Molo na kushuka tena, yakiongezeka njiani. Mburu, aliyekuwa mzito wa kusema, alisema kwa sauti ya mtu anayefunga lango: "Pombe imekataa. Imelazwa kwenye nyumba isiyoitaka, ikakataa." Wengine wakasema yule mama mlokole aliiombea mabaya. Alikesha akiikemea, walisema, mpaka ikapasuka. Watu wa kanisa la Truphosa nao walikuwa na maelezo yao, mafupi zaidi: aliingiza pombe nyumbani, akaificha, Mungu akamwona.

Hakuna aliyemtaja Ndegwa.

Alingoja wamseme. Sokoni aliposalimiwa, alijikaza kama mtu anayesubiri sindano. Badala yake watu walimpa pole. Kisha, jambo baya zaidi, wakaanza kumpa heshima ya namna mpya. Maina, aliyekuwa akijiandaa kumwozesha mwanawe wa kiume, alimshika bega nje ya duka la mbolea.

"Wewe Ndegwa, hiyo kitu yako iko na mambo! Imekataa kulala kwa mlokole."

"Wacha, Maina."

"Nawacha nini? Nataka utengenezee kijana wangu hiyohiyo. Ila kwetu hatuna walokole, usiogope, hatutapasuka."

Wanaume waliokuwa wamesimama hapo wakacheka. Na Ndegwa, Mungu amsamehe, akacheka nao. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani tu. Lakini alikisikia mwenyewe kikitoka, na alitembea nacho hadi nyumbani kama mtu aliyekanyaga kitu na harufu inamfuata.

Siku hiyo alikwenda stoo, akachukua moja ya zile chupa zilizobaki. Ilikuwa baridi mkononi, tulivu, na jina lake limeikaa vizuri. Aliishika mbali na uso, akaizungushia gunia, akalegeza kifuniko kidogo kidogo. Ikatoa mluzi mwembamba. Alimimina ile pombe kwenye chupa tupu ya plastiki ya soda, akaikaza, akaibonyeza kwa vidole. Ililegea, kama shavu. Akaiweka jikoni, karibu na moto wa Wangare, mahali ambapo vibuyu vyake vyote vilikuwa vikikaa.

Hakumwambia mkewe ni nini. Asubuhi aliikuta imekuwa ngumu kama jiwe. Tako lake lilikuwa limevimba, haikuweza kusimama wima. Ilikuwa imeanguka kando na kubingirika hadi kwenye mguu wa meza. Ndani yake, mapovu madogo yalipanda kwa mstari, bila haraka, yakifanya kazi yaliyoachishwa na baridi.

Ni plastiki, ikavimba tu. Kioo hakivimbi.

Alikaa kwenye kiti kidogo akiiangalia. Kila kitu kilikuwa rahisi namna hii. Angeliweka lile pipa jikoni, hata kama ingebidi watoe vyombo nje. Angelingoja hadi ulimi useme asali imekwisha. Angelijaza chupa moja ya plastiki kwanza, akaiweka mahali penye joto, akaibonyeza kila asubuhi kama anavyobonyeza parachichi. Ikiwa ngumu, bado. Ikibaki laini, tayari. Hata hapo angeliacha vifuniko vimelegea. Hakuhitaji kusoma popote. Alihitaji tu kuamini alichokuwa amekionja.

Wangare aliingia na kuni, akasimama.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ile ya Shiru."

Aliweka kuni chini. Aliitazama ile chupa, akautazama moto, akamtazama mumewe. Wangare hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kwa hivyo haikukataa," alisema.

"Haikukataa."

"Ilikuwa haijaiva."

Ndegwa aliiokota ile chupa. Alifungua kifuniko taratibu mlangoni, povu likarukia uani, kuku wakatawanyika.

Walikwenda Nakuru wiki ileile kumpa pole mgonjwa, na gunia la viazi na kabichi. Truphosa alikuwa amekaa nje, kivulini, kitambaa cheupe upande wa kushoto wa uso. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko Ndegwa alivyomwazia. Alipowaona alijaribu kuinuka kwa heshima, akaushika ukuta mahali ambapo hapakuwa na ukuta, akayumba. Wangare alimwahi.

"Kaa, Mama Khisa, kaa."

"Hapana, hebu niseme nikiwa nimesimama." Alimgeukia Ndegwa, akilazimika kuzungusha kichwa chote ili jicho lililobaki limpate. "Mzee Ndegwa, nisamehe."

Ndegwa alifungua mdomo.

"Kazi ya mikono yako niliiharibu. Niliifunika blanketi ili pasta asiione. Nikasikia kitu kinapiga mluzi huko chini, nikafikiri ni sufuria. Nikainama nifunue." Aligusa kitambaa, kisha akaondoa mkono. "Nilidhani naweza kumficha Mungu kwa blanketi. Nimetubu mbele ya kanisa. Wamenitoa kwenye nyimbo, na ni haki yao. Lakini kwako sikuwa nimetubu. Na hao watoto... sijui. Nimemwambia Khisa kama Mungu ndiye amefunga huu mlango, mimi si mtu wa kuusukuma."

Kulikuwa na nafasi hapo, pana kama lango. Watoto wa jirani walikuwa wakipigana kwa kelele juu ya baiskeli. Wangare alikuwa akimtazama mumewe, si kwa ukali.

"Mambo hutokea, Mama Khisa," Ndegwa alisema.

Truphosa aliitikia kwa kichwa, akafuta jicho moja, akawasogezea sahani ya machungwa, na Ndegwa akala.

Njia nzima ya kurudi Wangare alitazama dirishani. Walipofika kwao, akifungua mlango, alisema kwa sauti ya chini, kama anayejaribu ladha ya kitu, "Mambo hutokea." Akaingia ndani.

Kuna makosa yanayomwumiza mtu mara moja, na kuna yale yanayoendelea kuumiza kila siku ambayo unakaa kimya. Ndegwa alianza kuhesabu vitu ambavyo hakuwa akivihesabu zamani. Alipokata viazi, aliona yule mama akikata kitunguu na kukosa. Alipopanda ngazi ya stoo, aliona mguu wake ukitafuta ngazi. Shiru hakuja tena kwao. Mburu alisema binti analia, na kwamba Khisa amekataa kufanya lolote bila baraka ya mamake. Watu wawili wazima walikuwa wamekaa wakingoja ruhusa ya Mungu ambaye hakuwa amesema kitu chochote.

Maina alituma asali. Mtungi mzima, mweusi, wa msituni. Ndegwa aliurudisha bila kueleza, akapanda gari la kuelekea Nakuru peke yake.

Truphosa alikuwa akikanda unga wa mandazi. Alikuwa amerudi kazini, ingawa kukaanga alimwachia jirani, maana mafuta ya moto na jicho moja havijazoeana. Alimkaribisha, akatafuta kiti, akataka kuweka chai.

"Usiweke chai, Mama Khisa. Ukishasikia nilicholeta hutataka kuwa umenipa chai."

Aliacha kukanda.

"Si Mungu," Ndegwa alisema. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi na yote yalikuwa yamemtoroka. "Zile chupa. Si Mungu, si maombi, si blanketi. Ni mimi. Nilizifunga kabla hazijaiva."

"Sielewi pombe, Mzee. Nieleze kama mtu asiyekunywa."

Akamweleza. Kwamba asali ni chakula cha chachu. Kwamba ikila, inapumua, na pumzi hiyo lazima itoke. Kwamba baridi ya Molo iliilaza kabla haijamaliza kula, na joto la hapa likaiamsha ikiwa imefungiwa. Truphosa alisikiliza mikono ikiwa ndani ya karai.

"Kama unga wa mandazi," alisema mwishowe. "Siku ya baridi hauinuki. Ukiuweka juani unainuka."

"Kama unga wa mandazi."

"Na unga wa mandazi, Mzee Ndegwa, wewe ungeufungia kwenye chupa?"

Ndegwa aliutazama ule unga karaini.

"Ulijua?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia tangu siku ile ya tuta la viazi. Lingekuwa jepesi kusema hapana. Hakuwahi kutumia chupa za kioo, nani angejua? Angeweza kutoka hapo akiwa mzee mjinga tu, na watu huwasamehe wazee wajinga.

"Sikujua zitalipuka," alisema. "Lakini nilijua haijaiva. Niliionja. Nilitaka jina langu lifike siku hiyo limependeza."

Truphosa alitoa mikono kwenye unga, akaikung'uta, kidole kimoja kimoja. Alipoongea sauti yake haikupanda, na Ndegwa alitamani ingepanda.

"La jicho ni kati yangu na wewe, hilo tutaliongea mpaka tufe. Lakini mimi nimekuwa nikiamka hapa kila siku nikijua Mungu amenitazama akaona nafaa kupigwa. Nimepiga magoti kwenye hii sakafu. Nimemkatalia mwanangu mke. Na wewe ulikuja hapo nje, nikakuomba *mimi* msamaha, ukanijibu nini? Ulinijibu nini, Mzee?"

"Mambo hutokea."

"Ukala na machungwa yangu."

"Nikala."

Alilifunika lile karai. Kisha akasema, "Jumapili utakuja kanisani. Hayo uliyosema hapa utayasema pale, mbele ya wale walionitoa. Usilete viazi."

Alikwenda. Wangare alimpigia pasi koti, akakataa kumsindikiza. "Hii ni safari yako," alisema, ingawa alimfunga kifungo cha shingo kwa upole. Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa, na joto lake lilimfanya Ndegwa afikirie chupa. Truphosa alikaa nyuma kabisa, mahali pa wageni. Pasta, aliyekuwa ameambiwa kuna mgeni mwenye neno, alimwita mbele.

Ndegwa hakuwa msemaji. Aliwaambia jina lake, akawaambia anatengeneza pombe, na mnong'ono ukapita kwenye viti. Akawaambia jinsi alivyoifunga ikiwa haijaiva, na jinsi joto lilivyofanya kazi ambayo lingefanya kwenye nyumba ya yeyote kati yao, aliyeokoka au asiyeokoka. "Mkiniuliza nani alimpiga huyu mama," alisema, "ni mimi. Na nilijua siku nyingi, nikawaacha mseme ni Mungu." Kisha akasimama tu, akiwa ameshika kofia.

"Lakini pombe ni pombe," mwanamke mmoja alisema kutoka upande wa waimbaji, si kwa siri.

Pasta aliinua mkono. Alimshukuru mzee kwa ujasiri. Alisema hata hivyo jambo la kuificha lilikuwepo, na jambo hilo kanisa halingeweza kulipuuza.

Truphosa alisimama nyuma kule. Watu wote wakageuka.

"La kuficha nalikubali, Pasta. Niliificha, na adhabu yake nitaimaliza hapahapa kwenye kiti cha nyuma. La kupigwa na Mungu silikubali tena. Na asiniambie mtu."

Akakaa. Waimbaji wakaanza wimbo, na ulianza juu sana, kwa kuwa yule aliyekuwa akiwatolea sauti hakuwa kati yao.

Ibada ilipokwisha hakuna aliyemsogelea Ndegwa, isipokuwa bibi mmoja aliyetaka kujua kama ile kitu ni nzuri kwa maumivu ya magoti. Alijibu kwamba hapana. Alitoka akasimama karibu na mlango, pasipo kujua kama aondoke au angoje kufukuzwa. Ngazi za kanisa zilikuwa mbili, za saruji iliyomomonyoka. Truphosa alitoka akiwa na Biblia kifuani, akasita juu ya ngazi, akainua mkono wake wa kushoto hewani kutafuta kitu cha kushika. Ndegwa alikuwa upande ule. Akampa mkono.

Alishuka. Kisha akazungusha kichwa, akaona ni nani.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Mama Khisa."

Ndegwa alilegeza mkono ili auachie. Truphosa hakuuachia.

"Nifikishe barabarani," alisema. "Si kwamba nimekusamehe. Ni kwamba sioni upande huo."

Walitembea polepole, Ndegwa akiangalia mashimo kwa ajili ya wote wawili. Walipofika lami, pikipiki zikipita, Truphosa alisema, akitazama mbele, "Mwambie Mburu tutakuja. Tutaleta soda. Akikataa soda, abaki na binti yake."

"Nitamwambia."

"Na Jumapili ijayo uwe hapo mlangoni. Khisa hushinda gereji, na mimi bado sijazizoea hizo ngazi."

Ndegwa alisema atakuja. Walingoja magari yapungue, kisha akamvusha.